Fundi Aliyetuzima Mmoja Mmoja

Wiki iliyopita mtangazaji wa redio alituuliza, mimi na wenzangu watatu, nani ametufundisha kunyamaza. Alikuwa ameipenda albamu yetu ya pili. Alisema ile ya kwanza ilikuwa kelele za vijana, lakini hii ni ya watu wazima, nyimbo zake zina nafasi, mtu anaweza kuingia ndani akakaa akafikiri mambo yake. Wenzangu wakanigeukia mimi. Nikasema tulifundishwa na fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi. Mtangazaji akacheka sana, akadhani ni utani wa wanamuziki, akaweka tangazo la sabuni.

Basi nayaandika hapa yale ambayo sabuni ilinizuia kuyasema. Nitamwita Fundi tu, kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote, na kwa sababu akisikia jina lake limetajwa kwenye mambo ya magitaa atanitafuta na spana mkononi.

Kwanza mtujue. Sisi ni bendi ya roki ya watu wanne. Ukisema Bujumbura kwamba unapiga roki, watu wanakuangalia kama umesema unafuga mamba chumbani. Nadege anaimba na kupiga gitaa la kwanza. Bosco, mtu wa Gatumba kule mpakani na Kongo, anapiga besi. Sudi anapiga drams. Huyo ni mtoto wa Buyenzi, mpwa wa Fundi, na ndiye aliyembembeleza mjomba wake mpaka akatuachia banda la nyuma la garaji tufanyie mazoezi. Mimi nimekulia mtaa wa Ngagara, na ni gitaa la pili. Hilo neno "la pili" mlishike, maana habari yote hii iko hapo: kama gitaa la pili lina kazi yoyote hapa duniani, au ni mtu tu amesimama pembeni na mbao shingoni.

Fundi alikuwa na masikio. Watu walimletea magari kutoka mitaa yote, na wote walifika na maelezo marefu. Yeye hakutaka maelezo. Nakumbuka bwana mmoja wa ofisini, suti safi, alishuka garini akaanza: nikipanda kuelekea mlimani inakata moto, nadhani ni pampu, shemeji yangu ameniambia...

"Apana," Fundi akamkata. "Usiniambie. We uko dereva, mi niko fundi. Washa, kisha ufunge kinywa."

Bwana wa suti akafunga kinywa. Garaji nzima ikafunga kinywa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: Fundi akisikiliza, nyundo zinawekwa chini, hata muuza kahawa anayepita na birika lake anasimama. Fundi aliinama juu ya injini, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza mgonjwa anayeongea kwa shida. Halafu angesema kitu kimoja, kwa mfano "mukanda", na ungekuwa mkanda.

Kwa magari ya zamani alikuwa na njia yake nyingine, na hiyo lazima niieleze vizuri. Injini ya kawaida ina silinda nne, na kila silinda ina buji yake, yaani kile kidude kinachotoa cheche ya moto, na kila buji ina waya wake. Injini ikiwa inatetemeka na hujui ni silinda ipi imekufa, unaiacha iungurume, kisha unachomoa waya mmoja mmoja. Ukichomoa wa kwanza na injini ikayumba, hiyo nzima, rudisha. Wa pili ikayumba, nzima, rudisha. Ukifika kwenye waya ambao ukiuchomoa injini haijali, inaendelea vilevile kama hakuna kilichotokea, basi umempata. "Ile ukiitoa gari haioni, ndiyo maiti," alisema Fundi. Alifanya hivyo kwa kitambaa mkononi, na mara nyingine umeme ulimpiga, akaruka, akamtukana mwenye gari.

Kwa binadamu alikuwa mkali, jamani. Aliwahi kumfukuza mteja kwa sababu alifunga mlango wa gari kwa nguvu. Lakini kwa mashine alikuwa na adabu za ajabu. Hakufungua boneti bila bismillahi. Akienda msikitini na injini iko wazi, aliifunika kwa shuka safi, na akirudi aliifunua taratibu. Nadege alisema angeolewa na mwanamume anayemfunika hivyo. Fundi alisikia, akakasirika siku mbili.

Na huyu fundi wa magari hakupanda gari. Wallahi. Alitembea kwa miguu kila mahali, kwenye jua, kwenye mvua, mkono mmoja umeshika kanzu isiguse matope. Wateja walimwomba wampeleke nyumbani, naye alikataa. Nilipomuuliza sababu, alisema: "Mi najua venye viko ndani."

Muziki pia alisema haupendi. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulipoanza mazoezi, alipita mlangoni akasema, "Haya, anzeni kupoteza saa." Lakini Sudi akichapuka kwenye drams, ungesikia spana inagonga ringi ya gurudumu huko nje, ko, ko, ko, polepole, mpaka Sudi arudi kwenye mwendo. Na siku moja nilimkuta peke yake chini ya lori anaimba rumba ya zamani, ubeti baada ya ubeti, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Aliponiona miguu alinyamaza, akauliza nimepoteza nini.

Jua likikaribia kuzama, muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa anasafisha koo kwenye kipaza sauti kabla ya kuadhini magharibi. Hapo tulizima kila kitu, hata kama wimbo uko katikati. Bosco, ambaye baba yake ni mchungaji, alizoea mpaka akawa wa kwanza kuzima. Mwezi wa Ramadhani Fundi alituweka kwenye mkeka pamoja na mafundi wake, akatusukumia sahani. "Hata nyinyi wa misa munasikia njaa," alisema, na tulikula ndagala, wale dagaa wa ziwani, na ugali mpaka tukashindwa kushika vyombo.

Nisimpambe sana. Alikuwa mbishi, alisusa watu kwa miaka, na hakujua kusema "nimekosea". Sikumbuki kumsikia akilitamka neno hilo. Gari likirudi na ubovu uleule, alilitengeneza tena kimya, huku akiwa na uso wa mtu aliyetukanwa.

Sasa siku yenyewe.

Tulikuwa tumetoa albamu ya kwanza na watu wachache walikuwa wameisikiliza. Tulipiga kama watu wanaogombana na majirani. Tukaanza kutunga ya pili. Bosco alikuwa ameleta wimbo, nao ulikuwa tofauti na vyote tulivyowahi kufanya. Ulihusu nyumba yao ya Gatumba, maji yalipoingia: mama yake alikipandisha kitanda juu ya matofali mawili, kisha matatu, kisha manne, mpaka akaachana nacho akatoka. Ni hayo tu. Wimbo wa mtu kuacha kitanda chake. Tulijua kwamba ni mzuri, na kila tukiupiga ulikuwa uchafu. Tukaanza kulaumiana. Nadege alisema Sudi anapiga kama anabomoa nyumba. Sudi alisema besi inamfuata nyuma. Mimi nilisema Nadege anapiga kelele kwenye maikrofoni. Bosco alikaa juu ya kiti chake akaanza kufuta besi yake, na wimbo ulikuwa wa mama yake.

Fundi alitoka chini ya teksi, mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Munagombana kama wake wenza," alisema. "Haya. Simameni. Pigeni ile ya maji. Nikikugusa bega, unazima. Nikikugusa tena, unawasha. Wengine munaendelea. Na mutu asiangalie mwenzake."

Mafundi wa nje wakaja kusimama mlangoni. Tukaanza. Fundi akazunguka nyuma yetu. Akamgusa Sudi, wimbo ukapepesuka vibaya. Akamrudisha. Akamgusa Bosco, ukabaki kama nyumba bila sakafu. Akamrudisha. Akamgusa Nadege, tukawa watu watatu tunaosubiri mtu. Akamrudisha.

Akanigusa mimi. Nikazima.

Wimbo ukaendelea. Akasikiliza. Akanigusa, nikawasha. Akanigusa, nikazima. Mara tatu alifanya hivyo, nami kila mara nilikuwa naomba Mungu Sudi apotee, Nadege akosee, yeyote ageuze shingo. Hakuna. Walikuwa wameangalia chini wanapiga, wala hawakujua kama nipo au sipo. Kisha Fundi akainua mkono na wote wakanyamaza.

"Hii," alisema nyuma yangu, "iko maiti."

Mafundi mlangoni wakacheka. Sudi naye alicheka kidogo, kicheko cha woga. Nadege akaanza kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea. Nilimsubiri mmoja wao aseme "hapana, Fundi". Hata sasa nikikumbuka kimya kile masikio yananiwaka. Nikatia gitaa kwenye mfuko wake, nikatembea mpaka Ngagara, wala sikumwitikia mtu njiani.

Nyumbani kulikuwa na habari nyingine inayonisubiri. Baba yangu, mtumishi wa serikali tangu sijazaliwa, alikuwa amenitafutia kazi ya karani Gitega, mji wa mbali na Bujumbura. Nilikuwa nimemkatalia mara mbili. Jioni ile nikamwambia ndiyo, nitakwenda mwisho wa mwezi. Alinishika mkono kama tumefunga mkataba. Mama akaanza kunipangia mashati. Gitaa nikalitia juu ya kabati, na siku kumi na mbili sikulishusha.

Siku ya kumi na tatu, Fundi akabisha hodi.

Alikuwa ametembea kutoka Buyenzi kwenye jua la saa nane, kanzu nyeupe, kofia, viatu vimejaa vumbi. Sikuwahi kumwona nyumbani kwa mtu. Mama alimkaribisha saluni, yaani sebuleni kwetu, akamweka kwenye kiti cha wageni chenye kitambaa cha kufuma, akampa soda. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni na hakuutoa. Baba akatoka chumbani amevaa koti, maana mgeni ni mgeni.

"Wewe ndiye uliyemwambia kijana wangu ukweli?" Baba alisema. "Nakushukuru, mzee mwenzangu. Nakushukuru kabisa. Mimi nimejaribu miaka mitano, nimeshindwa."

Fundi akaangalia viatu vyake. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Mama akadhani soda ni mbaya. Halafu akanyanyua kichwa.

"Papa yake," alisema, "silinda ikikufa hatutupi injini. Tunatafuta imekosa nini. Imekosa moto, ama imekosa mafuta, ama imekosa pumzi." Kisha akanigeukia, lakini hakuniangalia machoni. "Kesho kuja garaji. Bila gitaa."

Akaondoka. Soda aliiacha nusu.

Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani nilitaka kumtukana mbele ya mafundi wake, kama alivyonifanya yeye. Lakini alinionyesha tairi kuukuu, akasema kaa hapo, na alisema kwa upole ambao sikuuzoea, nikakaa. Gari likawashwa. Baada ya muda akauliza: "Umesikia nini?"

"Injini," nikasema kwa hasira.

"Injini gani? Sikia tena."

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Siku ya kwanza nilisikia injini. Siku ya tatu nilisikia feni mbali na mkanda, na mkanda mbali na zile valvu zinazogonga juu kama vijiko kwenye vikombe. Siku ya tano nilisikia mtaa wote: mchomeleaji wa ng'ambo, wanawake wanaobishana bei ya nyanya, Sudi anakohoa, muadhini anasafisha koo. Nikagundua jambo lililonitia aibu kuliko ile siku ya maiti. Nilikuwa sijawahi katika maisha yangu kusikia kitu bila kutaka kuongeza cha kwangu juu yake. Nadege akiimba, mimi napiga. Bosco akipiga, mimi napiga. Niliogopa nikiacha sekunde moja watu watajua hawanihitaji. Na kwa kujaza kila mahali, nilikuwa sipo mahali popote.

Nilimwambia Fundi hivyo. Alikuwa anafuta mikono kwa petroli kidogo.

"Kwenye ile ya maji," alisema, "ngoja. Wimbo ikikuita, ingia. Isipokuita, kaa."

Nikashusha gitaa kutoka kabatini. Katika wimbo wa Bosco nasubiri beti mbili nzima, mikono imelala juu ya nyuzi. Kisha mama yake anapoacha kukipandisha kile kitanda, pale ambapo Nadege anaimba "basi, kikae", naingia na noti saba. Ni saba tu, nazirudia mpaka mwisho. Mara ya kwanza tulipoupiga hivyo, Bosco alitoka nje akaenda kusimama karibu na mapipa ya oili, na tulimwacha.

Mambo mengine yakafuata yenyewe. Nilipoacha kujaza, Nadege hakuwa na haja ya kupiga kelele ili asikike, akaanza kuimba kwa sauti aliyokuwa anaitumia kumwimbia mdogo wake. Sudi akatupa nusu ya ngoma zake. Besi ya Bosco ikaanza kusikika kama mtu anayeongea. Mtangazaji aliita hiyo kukomaa. Albamu ilichukua miaka minne: maji yalirudi Gatumba, Nadege akajifungua, na studio tulikaa siku nzima nzima tukisubiri umeme urudi. Gitega sikwenda. Baba alininunia mwezi mzima, Mama akayarudisha mashati kabatini.

Na miaka yote minne nilisimulia ile hadithi. Kila tukipiga mahali, kabla ya wimbo wa maji, niliwaambia watu kuhusu silinda iliyokufa ikafufuka. Walipiga makofi. Nilikuwa najivunia kifo changu, niseme kweli.

Miezi michache iliyopita garaji ilifungwa. Magoti ya Fundi yalikuwa yamechoka, na Sudi alisema mjomba amehamia kwa binti yake, mtaa wa nyuma, binti aliyerudi mwaka huu kutoka Rumonge alikoolewa. Halafu wiki ileile tuliyomaliza albamu, Sudi akanipigia simu.

"Mjomba anaenda kuhiji," alisema. "Anakutaka. Kuja Ijumaa baada ya sala."

Mtu wa Buyenzi akijaliwa kwenda Makka, haondoki hivihivi. Anawazungukia watu wote aliowahi kuwakosea, majirani, washindani, ndugu aliogombana nao, anawaomba radhi uso kwa uso. Fundi hakuweza tena kuzunguka, kwa hiyo watu walimjia yeye. Mimi nilidhani ananiita kuniaga. Nikatia albamu kwenye simu, nikaazima spika ndogo ya Nadege, nikafurahi kwamba mwishowe atasikia.

Mlangoni nilipishana na mfanyabiashara mmoja wa vipuri, mzee mwenye tumbo kubwa, ambaye Fundi hakumsalimia miaka kumi kwa sababu ya breki bandia. Alikuwa anatoka anafuta macho kwa kofia yake.

Fundi alikuwa kwenye mkeka, amenyoosha miguu. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kanzu. Jikoni, nyuma ya pazia, binti yake alikuwa anapika.

"Kaa, mwanangu. Iyo siku nilikuzima, unakumbuka?"

"Fundi, nitasahau vipi?"

"Gitaa yako ilikuwa haisikiki."

"Najua. Ulisema."

"Apana. Sikia. Ilikuwa haisikiki kabisa. Waya ilikuwa imekatika ndani, pale kwenye kichwa inaingia gitaa. Iyo waya niliichomelea mi mwenyewe. Nilijua jioni iyo iyo, wakati wa kufunga garaji. Niliivuta kidogo, ikabaki mukononi."

Nilimwelewa neno moja moja, na yote pamoja sikuyaelewa. Waya zetu zote za kuunganisha magitaa na spika alikuwa anazitengeneza yeye, kwa nyaya za magari, hilo kweli. Nikamuuliza: unasema nini, Fundi? Unasema silinda haikuwa imekufa?

"Nasema sijui. Sikuangalia waya. Hata mutu wa siku ya kwanza anaanza na waya. Mi nilisimama mbele ya watu, nikasema umekufa, na sikuangalia waya."

Moto ukanipanda. Wee! Nilisimama. "Miaka minne, Fundi! Nimewaambia watu kila mahali kwamba mimi ni maiti! Ningekwenda Gitega! Sasa hivi ningekuwa Gitega nagonga mihuri!"

"Najua. Nilikuja kwenu kukuambia. Ile waya ilikuwa mufukoni, nimeishika. Kisha papa yako akasimama akanishukuru. Na koti amevaa. Nikaona haya. Nikasema ile ya silinda, nikaenda zangu. Usiku nikaitengeneza, nikairudisha mahali pake. Sikusema."

Nilikaa tena. Na hapo, katikati ya hasira, wazo lingine likanijia. Nilikuwa nimepiga wimbo mzima na gitaa lisilotoa sauti hata chembe, na mimi mwenyewe sikujua. Nadege kando yangu hakujua. Sudi hakujua, Bosco hakujua. Tulikuwa watu wanne ndani ya banda moja na hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake. Kama Fundi angeutoa ule waya mfukoni pale saluni kwetu, ningefurahi, ningeruka, ningerudi kesho yake na kelele zilezile, tena nimeongeza. Lile tairi nisingelikalia.

"Fundi," nikasema, "sikiliza. Pengine ilikuwa heri. Usingekosea, mimi nisingejifunza..."

Aliinua kiganja.

"Usinipe sababu. Sababu ninazo nyingi, nimejipa miaka minne. Mi nataka radhi."

Ndivyo alivyokuwa. Hata msamaha alitaka usafishwe kwanza. Mimi niliyelelewa kumwambia padri dhambi zangu gizani nyuma ya wavu, sijawahi kumwona mtu mzima anaweka kosa lake juu ya mkeka mchana na kulisubiria. Nilimkasirikia bado. Nilimpenda pia, nampenda, mtu huyu ndiye aliyenipa masikio, na nilitaka kumwambia hivyo, lakini sicho alichokuwa anauliza.

"Nimekusamehe," nikasema.

"Ya dunia na ya akhera?"

"Ya dunia na ya akhera, Fundi."

Akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika kidogo. Mimi nililia waziwazi, sina haja ya kuficha. Kisha akajifuta, akakohoa, akageuka mbishi tena.

"Na icho kisanduku umebeba ni nini? Ni ile kupoteza saa yenu? Haya, weka."

Nikaweka wimbo wa maji. Alisikiliza kichwa kimeinama. Besi ikaingia, Sudi akagusa, Nadege akaimba ubeti wa kwanza, wa pili. Mimi niliangalia mkeka. Nilikuwa nimeupiga wimbo huo mara nyingi sana, na bado nilisubiri kama sijui kinachofuata. Mama wa Bosco akakiacha kitanda. Noti zangu zikaingia.

Pazia la jikoni likafunguka. Binti yake akasimama pale na mwiko, unga mkononi. Hakuwahi kunisikia wala kuniona kabla ya siku ile.

"Baba, nani huyo?"

"Nani nani?"

"Huyo anayepiga sasa hivi. Huyu, huyu."

Fundi akanionyesha kwa kidevu. Binti akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akageuka kwa baba yake, maana hatukuwa tumejuana.

"Mwambie asiache," alisema, akarudi kwenye chungu chake.